Ukuta wa Upande wa Kushoto

Kutoka kitandani mpaka choo cha nje zilikuwa hatua thelathini na nne, na Mama Mwiko alizijua moja moja. Ya sita ilikuwa kizingiti cha mlango wa nyuma, kinachokwaza kila mtu, hata mgeni mwenye miguu yake mizima. Kisha ngazi mbili za kushukia uani, ya pili imelika ukingoni. Kisha pale penye utelezi wa maji ya kufulia. Kisha pale katikati ya ua, ambapo lazima Mzee Gia apumzike, na wote wawili wasimame juani wakihema kama watu wanaohamisha kabati. Halafu warudi. Kwenda na kurudi, mara tano kwa siku, na siku ambayo tumbo la mzee limechafuka, asiulizwe mtu.

Mama Mwiko alikuwa amepikia shule miaka thelathini na mmoja. Jina alipewa na wanafunzi, kwa ule mwiko wake mrefu kama mpini wa jembe aliokuwa akikorogea chakula cha watu mia sita. Shule yenyewe aliijua kwa upande wa jikoni tu. Kuandika, aliandika jina lake na tarakimu, basi, na hakuona haya. Alijua sufuria ipi ikae wapi ili mtu asijikwae akiwa na maji ya moto mkononi. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuhamisha rafu ya sahani bila kumwuliza. Kesho yake rafu ilikuwa imerudi mahali pake, na mwalimu mkuu akala chakula kilichopoa wiki nzima mpaka akili ikamwingia.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, ndiyo asili ya jina la Gia. Kiharusi kilimpiga asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Upande wa kushoto wote ukalala: mguu, pembe ya mdomo, na mkono ule aliokuwa akibadilishia gia. Upande wa kulia ukabaki mzima, na mkono wa kulia ukazidi hata kuwa na nguvu, kwa sababu sasa ulifanya kazi ya miwili. Maneno nayo yalibaki, ila yalitoka moja moja, kama abiria wanaoshuka na mizigo mikubwa.

Kumwinua kulikuwa na utaratibu wake. Mama Mwiko alisimama mbele yake, uso kwa uso. Mzee alitupa mkono wake mzima juu ya bega la mkewe akalikamata. Mke akashika mkanda wa suruali kwa nyuma, akahesabu moja, mbili, akavuta. Kitandani hivyo, kwenye kiti hivyo, chooni hivyo. Miaka miwili bega moja lilivutwa namna hiyo hata likawa chini kuliko lenzake, na magauni yake yote yakawa yanamteleza upande mmoja.

Hakusema kwamba amechoka. Aliogopa kulisema, kwa sababu alijua kuna mtu anasubiri kulisikia.

Mtu huyo alikuwa binti yao mkubwa, aliyeolewa mji mwingine, safari ya basi ya siku nzima. Alipokuja mara ya mwisho alimkuta mama yake amelala usingizi, ameketi chini nje ya mlango wa choo, kichwa kimeegemea ukuta, na baba anaita ndani kwa sauti yake ile ya kukatika. Binti alimtoa baba. Jioni hiyo akasema bila kugombana, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana Mama Mwiko ugomvi aliumudu.

"Mama, mwisho wa mwezi ujao narudi. Nikikuta bado unambeba, nitaondoka na Baba."

Kwake kulikuwa na choo cha ndani. Kulikuwa pia na watoto wanne na nafasi ya godoro moja. Hakuna aliyelazimika kueleza zaidi. Mama Mwiko na Mzee Gia walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka arobaini na mitatu, ukiacha zile safari za lori, na hata hizo alizihesabu kama deni.

Kesho yake aliwapigia simu watoto wote, akawaambia anataka choo ndani ya nyumba na anataka sasa. Walikubali kuchanga. Kijana wao wa pili alisema kama nyumba inaguswa, basi sebule nayo iwekewe dari jeupe la kisasa, lenye taa zilizojificha pembeni, wageni wakija waone.

"Baba yako atajisaidia kwenye dari?" mama akamwuliza, na hapo mazungumzo ya dari yakaisha.

Fundi aliyeletwa aliitwa Fundi Pole. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, anayesema kidogo na kwa sauti ya chini mpaka mtu unamwinamia. Mama Mwiko alimpeleka kwenye stoo iliyopakana na chumba chao cha kulala. Alikuwa ameshaitoa mizigo yote peke yake, magunia, magurudumu ya zamani ya lori na masufuria yaliyotoboka, na alikuwa ameshachora choo kizima sakafuni kwa mkaa. Fundi akasimama mlangoni akitazama ile michoro, akavua kofia.

Alimweleza kitu kimoja kimoja, akimwelekeza kwa fimbo. Mlango utobolewe ukutani moja kwa moja kutoka chumbani, upande ule mzee anaoshukia kitanda, uwe mpana kiasi cha watu wawili kupita wamekumbatiana, kwa sababu ndivyo wanavyopita. Kizingiti asikione. Sakafu ya chumba na ya choo iwe moja, ila ya choo iinamie kidogo kwenye tundu la maji, kidogo tu, mtu asiteleze. Vigae viwe vile vya kukwaruza, sivyo vinavyong'aa kama sahani. Koki iwe mahali ambapo mtu aliyekaa anaifikia bila kuinama. Swichi ya taa iwe nje ya mlango, usawa wa bega la mtu aliyeketi kitandani.

Fundi alikuwa akiandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Kwenye mlango ndipo walipobishana. Mama alitaka ufungukie nje, chumbani. Fundi akasema kwa adabu kwamba milango ya choo hufungukia ndani, la sivyo utakula nafasi ya chumba na kugonga kitanda.

Mama Mwiko akamsimulia siku ambayo mzee alianguka kwenye choo cha nje. Aliangukia mlango, na mlango ule ulifungukia ndani. Kadiri walivyousukuma ndivyo walivyomkandamiza. Jirani alikuja na tindo, wakang'oa bawaba, na saa nzima mzee alikuwa sakafuni akisikiliza watu wanajadili namna ya kumtoa, kama gari lililokwama. Fundi Pole alisikiliza yote. Halafu akakata mstari aliokuwa ameandika, akaandika mwingine. Tangu hapo alimwita "fundi mwenzangu", na mama alijifanya hasikii, lakini siku hiyo alimwongezea sukari kwenye chai.

Likabaki bomba la kushikia, na hilo ndilo lililobeba mambo yote. Mzee Gia akipata kitu imara cha kukamata aliweza kusimama kwa mguu wake mzima, akajigeuza, akakaa, akainuka, bila mtu. Choo kingekaa kwenye kona ya mwisho, kikitazama mlango, ukuta mmoja nyuma na mwingine ubavuni, na bomba la chuma lingefungwa kwenye huo wa ubavuni. Kona zilikuwa mbili. Fundi akauliza mzee atashikia upande gani.

Mama Mwiko aligeuza ndoo, akaikalia pale choo kitakapokuwa, uso mlangoni, akafumba macho, akajifanya yeye ndiye mzee anayetaka kuinuka. Akangoja mwili umwambie. Ukamwambia: uzito ulikuja wote upande wa kushoto, kama siku zote, na mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe, ukagusa hewa.

"Hapa," akasema. "Ukuta uwe hapa."

Fundi akatoa penseli sikioni, akairudisha. Akauliza tena, polepole, kama mama ana hakika ni kushoto, maana alipopita sebuleni, mzee alimsalimu kwa mkono ambao yeye aliuona kama ni wa kulia.

"Fundi, miaka miwili hii nambeba mimi au wewe?"

"Wewe, mama."

"Basi jenga."

Akajenga. Wiki tatu nyumba ilikuwa vumbi na makelele. Ukuta ulitobolewa, mtaro ukachimbwa, mabomba ya maji machafu yakalazwa chini ya sakafu na kufunikwa zege. Mama Mwiko alipika, akafua mashuka yenye vumbi, akambeba mumewe hatua zile thelathini na nne akipitia juu ya mbao na marundo ya mchanga, na kila nafasi aliyopata alikwenda kusimama nyuma ya fundi. Alipima kila kitu kwa mwili wake. Koki aliipandisha mara moja, swichi akaishusha mara mbili. Jirani yule wa tindo alipokuja kutazama, alionyeshwa kila kigae, na akaambiwa kwamba wasomi wenye ramani wangeiacha swichi juu kule kwenye dari. Mtaa mzima ukapata habari kwamba Mama Mwiko amejenga choo kwa akili yake mwenyewe. Alizieneza mwenyewe.

Mzee Gia alikaa sebuleni wakati wote huo. Hakuulizwa kitu. Si kwa ubaya. Kumwuliza kulichukua muda, na muda haukuwepo.

Alhamisi asubuhi vigae vilikuwa vimekauka. Fundi alishalipwa akaenda kwenye kazi nyingine. Binti alikuwa anakuja Jumapili. Mama Mwiko akanawa mikono, akamvalisha mumewe shati safi kama mtu anayekwenda kupigwa picha, akamwinua, wakapita kwenye mlango ule mpana, wamekumbatiana, bila kukwaruza kiwiko. Sakafu haikuwakwaza. Taa iliwaka mzee alipogusa swichi mwenyewe. Mama Mwiko alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akamgeuza mzee, mgongo kwenye choo, akamwachia, akarudi nyuma hatua moja ili aone.

Mzee akanyoosha mkono wake mzima atafute bomba. Upande huo hapakuwa na ukuta wala bomba. Palikuwa na uwazi wa kutosha watu watatu. Akatazama upande wa pili. Bomba lilikuwa pale, jipya, linang'aa, limefungwa kwa skrubu nane, na kando yake mkono wake uliokufa umening'inia kama taulo.

Akalitazama kwa muda.

"Bomba," akasema, "zuri."

Mama Mwiko hakucheka. Alimwambia alifikie kwa kupitisha mkono kifuani. Mzee akajaribu. Mwili ukafuata mkono, mguu mbovu ukabaki nyuma, na mke akaruka kumdaka akachelewa kidogo. Wakashuka wote wawili taratibu, wakiteleza kwenye ukuta, mpaka chini. Hakuna aliyeumia. Walikaa kwenye vigae vipya, miguu imenyooka mbele, kama watoto wanaosubiri kuogeshwa.

Hapo sakafuni ndipo alipoona. Mzee, akitaka kuinuka, alimtupia mkono kama kawaida, mkono wake wa kulia, na mkono ukatua palepale unapotua siku zote, kwenye bega la kushoto la mkewe. Miaka miwili alimbeba mtu aliyemwelekea uso. Upande wake mzima ulikuwa kulia kwake mwenyewe, na kushoto kwa anayembeba. Siku ile kwenye ndoo alikalia nafasi ya mzee, lakini alikwenda pale na bega lake yeye.

Alijaribu kuinuka mara mbili akashindwa, magoti yake hayakutaka. Mara ya tatu mkono wake wa kushoto ulikamata lile bomba, na bomba likamwinua vizuri kabisa, bila kutikisika. Lilikuwa mahali pake hasa. Lilikuwa limejengwa kwa ajili yake.

Akambeba mzee kwenda choo cha nje.

Mchana huo, mzee akiwa amelala, alimwomba jirani amwangalie, akajifunga kitambaa kichwani akaenda kumtafuta fundi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Fundi gani anayemsikiliza mwanamke mzee asiyejua kusoma? Fundi gani anayejenga choo cha mgonjwa bila kumtazama mgonjwa? Aliyapanga maneno hayo vizuri, moja juu ya jingine, na mpaka anafika kwenye nyumba ile inayopigwa lipu alikuwa ameshashinda kesi. Fundi Pole alikuwa juu ya jukwaa la mbao, anasawazisha ukuta. Alimwona, akashuka, akamwamkia, akamtafutia ndoo ya kukalia.

Mama Mwiko akaitazama ile ndoo. Hakuikalia. Akamweleza kilichotokea, sawasawa na kilivyotokea, mpaka kuanguka. Alipofika mahali pa lawama, yale maneno yote aliyoyapanga hayakuja.

"Ulikuwa umeniuliza," akasema.

"Mara mbili, mama."

"Mara mbili. Na mimi nilikujibu vile."

Fundi alifuta mwiko wake kwenye suruali. Hakusema si kitu, na mama alimheshimu kwa hilo, maana kilikuwa ni kitu. Alisema kuhamishia choo kona ya pili ni kuvunja sakafu yote na kulaza mabomba upya, wiki mbili kama hakuna mvua. Lakini kulikuwa na njia nyingine. Angeweza kusimamisha bomba la chuma nene, wima, kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti ya paa, upande wa kulia wa mzee, karibu na goti. Vigae viwili tu vingevunjwa. Angechimba shimo la dhiraa moja na kulijaza zege. Ila zege lipewe siku saba. Mtu akilishika kabla, bomba litacheza, na likicheza mara moja halitulii tena.

"Binti yangu anakuja Jumapili."

"Zege halijui Jumapili, mama," fundi akasema, kwa sauti yake ileile.

Ijumaa alfajiri alikuja kabla ya kwenda kazini kwake. Safari hii hakupima kitu mpaka mzee aletwe. Walimleta na kiti, akakaa mlangoni, na fundi akasogeza bomba huku na huku kama mtu anayening'iniza picha, akimtazama mzee, na mzee akawa anasema mbele, nyuma, mbele kidogo. Walichukua nusu saa kwa jambo la dakika tano. Mama Mwiko alisimama kando, mikono nyuma, akajizuia. Ilimchosha kuliko kubeba.

Jumapili binti alifika na gari dogo alilokodi stendi, dereva akabaki nje injini ikinguruma. Alibusu mikono ya baba yake, akaingia chumbani, akafungua ule mlango unaofungukia nje. Aliona vigae, koki, swichi. Aliona bomba moja ukutani, na jingine limesimama katikati ya sakafu limezungushiwa matambara mekundu na kamba, kama shimo la barabarani. Akauliza hili ni nini, na mama yake akamweleza. Alisema kosa ni lake, si la fundi.

"Kwa hiyo bado unambeba," binti akasema.

"Bado."

"Mama, nilisema. Na wewe unajua nilisema."

Akaanza kukunja nguo za baba yake kwenye begi. Alikunja vizuri, alikuwa mtoto wa mpishi, hakuwa mtu wa kurusha vitu. Alikuwa akilia na kukunja. Akasema hafurahii jambo hilo, akasema anaota simu ya usiku, kwamba wameanguka wote wawili na hakuna wa kufungua mlango. Mama yake aliketi ukingoni mwa kitanda. Wakati mwingine wowote angesimama, angeshika begi lile na kulimwaga.

"Nimechoka, mwanangu," akasema.

Binti akaacha kukunja. Alikuwa hajawahi kulisikia.

"Nimechoka tangu mwaka juzi. Bega hili silihisi. Nikilala naota nambeba, nikiamka nambeba. Nimechoka na ule ua, na kile kizingiti, na zile ngazi. Yeye sijamchoka. Ukimchukua, sijui hii mikono nitaiweka wapi."

Mzee Gia alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, na wote wawili walikuwa wamemsahau, kama watu wanavyosahau mtu anayezungumzwa. Akainua mkono wake wa kulia juu, vidole vyote vitano vimekunjuka.

"Tano," akasema.

Walidhani anataka kitu. Binti akapiga magoti mbele yake.

"Siku," mzee akasema. Akapumzika. "Nangoja zege." Akapumzika tena, muda mrefu, huku nje injini inanguruma. "Mwambie... azime gari."

Binti alikaa pale magotini. Halafu akatoka nje, akazungumza na dereva, na gari likaondoka bila mtu.

Siku hizo tano alimbeba yeye. Alisema mama yake asiguse, na mama yake kweli hakugusa, alisimama tu uani akisema shika mkanda, usishike shati, hapo pana utelezi, mwache ahesabu yeye. Siku ya kwanza binti alikuwa na haraka. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu Mama Mwiko alimkuta jikoni akijikanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto, gauni limemteleza upande mmoja. Alimwekea tu maji mengine jikoni yachemke.

Ijumaa Fundi Pole alikuja mapema. Alikata kamba, akatoa matambara, akalishika bomba kwa mikono miwili akalitikisa. Kisha akakunja miguu, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Halikusema kitu. Akatoka, akaenda kukaa uani, akaletewa chai.

Binti alimfikisha baba yake mlangoni tu. Mzee akaweka mkono kwenye fremu, kutoka kwenye fremu akaurusha kwenye bomba, akalikamata, akasimama kidogo kama anapima breki. Akamwashiria binti kwa kichwa afunge mlango, naye akaufunga.

Mama Mwiko na binti yake walikaa kitandani bega kwa bega wakisikiliza. Kiatu kilikwaruza kigae. Kitu kikagonga chuma, pengine pete ya ndoa. Pakawa kimya. Binti akanyanyuka, mama akamshika nguo akamketisha. Kimya kikawa kirefu. Mama Mwiko alikuwa amekamata shuka kwa mikono yote miwili, na bega lake, lile la chini, lilikuwa limekaza likisubiri uzito. Hatimaye maji yakavutwa, yakashuka kwa kishindo ndani ya mabomba chini ya sakafu, yakaisha. Bega likaendelea kusubiri kidogo. Halafu likaachia.

"Mama watoto," sauti ikatoka ndani.

"Ehe."

"Sabuni..." Mzee akavuta pumzi. "Iko kushoto."

Binti akageuka kumtazama mama yake, mkono mdomoni. Mama Mwiko hakugeuka. Alikuwa ameshaanza kujilaza, polepole, kipande kwa kipande, viatu bado miguuni, mpaka kichwa kikafika kwenye mto.

"Mwambie fundi," akasema. "Yuko nje."

Binti akaenda mpaka mlangoni, akamwita fundi, kisha akarudi kumwuliza mama yake kisahani cha sabuni kihamie ukuta upi. Mama Mwiko alikuwa ameshalala.